WFAN ya New York haikuokolewa na michezo

Dhana: WFAN, redio ya michezo ya New York, ndiyo iliyoanzisha mazungumzo ya michezo redioni.

Ukweli: Mwaka 1964 Bill Mazer tayari alikuwa akipokea simu za mashabiki kwenye redio ya WNBC, hapo hapo New York. Mwaka 1981 ukazuka mtandao wa Enterprise Radio huko Connecticut, ukiwa na nia ya kurusha michezo mchana na usiku, lakini haukumaliza hata mwaka. WFAN inahesabiwa kuwa kituo cha kwanza kuishi kwa michezo saa 24, na sifa hiyo inaitosha. Ilianza tarehe 1 Julai 1987, saa tisa alasiri, kwenye masafa ya 1050. Kabla ya hapo masafa hayo yalikuwa ya WHN, redio ya muziki wa kantri iliyokuwa pia ikitangaza mechi za Mets, timu ya besiboli ya New York iliyokuwa bingwa mwaka 1986.

Dhana: Mashabiki waliipokea kwa shangwe tangu siku ya kwanza.

Ukweli: Ilikula hasara. Kampuni ya Emmis, mmiliki wake, iliajiri majina makubwa kutoka nje ya jiji, akiwemo Pete Franklin aliyetamba Cleveland, na wana New York hawakuvutiwa. Unamletea mtu wa Queens, nyumbani kwa Mets, mgeni amfundishe habari za Mets?

Ahueni ilitoka pengine kabisa. NBC ilikuwa ikiuza redio zake, Emmis ikanunua, na tarehe 7 Oktoba 1988 WFAN ikahamia 660, masafa ya iliyokuwa WNBC. Hayo ni mawimbi ya kati yenye nguvu ya kilowati 50. Usiku hunaswa mbali sana nje ya New York. Pamoja na masafa akaja Don Imus, mtangazaji wa asubuhi. Imus hakuwa mtu wa michezo. Kipindi chake kilikuwa utani, kejeli na mahojiano na wanasiasa, na ndicho kilichovuta matangazo ya biashara yaliyolipa mishahara ya wachambuzi waliofuata mchana. Alidumu hapo hadi Aprili 2007, alipofukuzwa kwa maneno ya kibaguzi dhidi ya wasichana wa timu ya kikapu ya Chuo Kikuu cha Rutgers. Kwa maoni yangu, anayesimulia historia ya WFAN bila Imus anasimulia nusu yake tu.

Dhana: Redio ya michezo haiwezi kusimama bila haki za kutangaza mechi.

Ukweli: Mechi husaidia, ila huchukua saa chache tu za siku. Zilizobaki hujazwa na ubishi. Mwaka 1989 Mike Francesa na Chris Russo waliwekwa pamoja kipindi cha mchana, wote wawili vijana wa Long Island, mmoja mzito na mjuaji, mwenzake akipayuka kwa sauti nyembamba. Walidumu hadi 2008. Wasikilizaji wakapanga foleni kwenye simu, kila mmoja akitambulishwa kwa jina moja na mtaa anakotoka, na wengine wakawa maarufu kama watangazaji wenyewe. Anayesikiliza vipindi vya michezo vya Dar es Salaam asubuhi baada ya Simba na Yanga kukutana hahitaji kuelezwa zaidi.

Dhana: WFAN ni redio ya Yankees, timu nyingine ya besiboli ya New York, tangu zamani.

Ukweli: Kwa miaka yote hadi msimu wa 2013 ilikuwa nyumba ya Mets. Yankees walihamia 2014.

Dhana: Ilikuwa redio ya sauti za kiume.

Ukweli: Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Lakini sauti ya kwanza kabisa kusikika siku ile ya Julai ilikuwa ya mwanamke, Suzyn Waldman, mwigizaji wa zamani wa tamthilia za muziki, akisoma habari za michezo. Tangu 2005 amekuwa mchambuzi wa mechi za Yankees redioni, na timu ilipohamia WFAN, naye alihama nayo.