Kuficha anwani ya IP: unamficha nani, na nani bado anakuona

Hakuna anayeingia mtandaoni bila anwani ya IP, yaani namba ya muunganisho wake. Tovuti inaihitaji ili ijue majibu iyarudishe wapi, na bila hiyo hakuna ukurasa utakaofunguka. Anayesema "nimeficha IP" kwa kweli ameazima ya mwingine. Ukilielewa hilo, nusu ya maneno ya mtaani kuhusu VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mwingine, yanajijibu yenyewe.

"Mwenye IP yangu anajua ninapoishi"

Hajui. Anwani za IPv4, ule mtindo wa zamani wa anwani za IP, ni kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima na hazitoshi, kwa hiyo kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Jionee mwenyewe: zima Wi-Fi, washa data, kisha tazama IP iliyoandikwa kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya maelezo kuhusu kifaa. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, hiyo ni namba ya ndani ya kampuni. Tovuti ya kuonyesha IP itakupa nyingine kabisa.

Mahali nako ni kukisia. Nchi hupatikana sawa mara nyingi, mji ndio unaokosewa: uko Mbeya, tovuti inakuona Dar es Salaam, kwa sababu huko ndiko data ya kampuni yako inakotokea kuingia intaneti. Huko Marekani kampuni ya MaxMind, inayokisia mahali pa anwani za IP, iliweka alama moja katikati ya nchi kwa kila anwani ambayo haikujua zaidi ya kwamba ni ya Marekani. Anwani zaidi ya milioni 600 zikaangukia kwenye shamba moja karibu na Potwin, Kansas, na waliokuwa wakiishi pale wakasumbuliwa kwa miaka na polisi na watu waliotapeliwa. Habari hiyo ilipotoka mwaka 2016, alama ikahamishiwa ziwani.

Anayeweza kukujua ni kampuni ya simu. Inaweza kutunza kumbukumbu za laini ipi ilitumia anwani ipi, saa ngapi, na Tanzania laini hiyo imesajiliwa kwa alama za vidole. Ule mtindo wa kuwasha na kuzima hali ya ndegeni ili upate IP mpya huwa unafanya kazi, ila ni kwa tovuti tu. Kampuni inaona laini ileile.

"Natumia hali fiche"

Hali fiche (incognito) ya kivinjari haigusi IP. Inafuta historia na vidakuzi kwenye simu yako ukishafunga dirisha, basi. Google ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa kukusanya data za watu waliokuwa kwenye hali hiyo, na mwaka 2024 ikakubali kufuta mabilioni ya rekodi.

"VPN inanifanya nisionekane"

Inabadilisha tu anayekuona. Bila VPN, kampuni ya simu huona majina ya tovuti unazofungua, ingawa ukurasa wenye https hauwezi kuusoma. Ukiwasha VPN, kampuni inaona seva moja tu unayozungumza nayo, na ile orodha ya tovuti sasa iko mikononi mwa mwenye VPN. Swali la kujiuliza kabla ya kupakua ni kama huyo wa pili unamwamini kuliko wa kwanza.

Wenye VPN za bure wana rekodi mbaya. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Hola ilikuwa ikiuza intaneti ya watumiaji wake: wageni walipita kwenye IP za watu hao bila wengi wao kujua. Onavo, iliyotangazwa kama kinga ya faragha, ilikuwa ya Facebook, nayo ikaitumia kuangalia watu wanatumia programu zipi. Mwaka 2023 mahakama ya Australia ikazitoza kampuni mbili tanzu za Meta, mmiliki wa Facebook, faini ya jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo.

Hatari zaidi ni zile faili za "intaneti ya bure" zinazosambazwa kwenye magrupu ya Telegram. Unaiingiza faili kwenye programu ya VPN, na kila kitu chako kinapita kwenye seva ya mtu usiyemjua hata jina. VPN ya kweli haiokoi bando, inaongeza matumizi kidogo, maana kila kifurushi cha data hufungwa ndani ya kingine.

Halafu kuna kuingia kwenye akaunti. Ukishaingia Facebook kwa namba yako ya simu, IP ya Uholanzi haimdanganyi mtu. Hata bila akaunti, kivinjari kina alama zake: ukubwa wa skrini, fonti, lugha, saa za eneo. Utafiti wa mwaka 2010 wa EFF, shirika la Marekani linalotetea haki za mtandaoni, ulikuta asilimia 83.6 ya vivinjari vilivyopimwa havifanani na kingine chochote.

"Nikishaiwasha, imetosha"

Hapa ndipo wengi wanapovuja. Pima hivi: VPN ikiwa imezimwa, fungua tovuti ya kuonyesha IP na uandike ya IPv4 na ya IPv6 (mtindo mpya wa anwani) kama ipo. Washa VPN, fungua tena. Ikiwa IPv4 imebadilika lakini IPv6 ni ileile, VPN yako inashughulikia moja tu, na tovuti yenye IPv6 bado inakuona. Pima na DNS pia, yaani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake ya IP: ukiona seva za kampuni yako ya simu, majina ya tovuti yanapita nje ya VPN.

VPN ikidondoka, simu hurudi kimyakimya kwenye muunganisho wa kawaida. Kwenye Android nenda Mipangilio, kisha Mtandao na intaneti, kisha VPN, gusa alama ya gia, uwashe VPN ya kila wakati na kitufe cha kuzuia miunganisho isiyopitia VPN. Kiongezi cha kivinjari kinalinda kivinjari hicho tu. Na hotspoti: kwa kawaida kompyuta inayotumia hotspoti ya simu ya Android haipiti kwenye VPN ya simu hiyo. Iwekee yake.

"Basi nitumie Tor"

Tor, mtandao wa bure wa kuficha nyayo zako, ni imara zaidi. Hupitisha data kwenye vituo vitatu, wa kwanza anakujua wewe, wa mwisho anajua tovuti tu. Ila kutumia Tor kwenyewe kunaonekana. Desemba 2013 mwanafunzi wa Harvard alituma vitisho vya bomu kupitia Tor kwenye Wi-Fi ya chuo, na wachunguzi walichofanya ni kutazama nani alikuwa kwenye Tor saa ile.

"VPN si suala la sheria"

Tanzania ni suala. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zinagusa teknolojia za kufikia maudhui yaliyokatazwa, na Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, iliwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao, pamoja na anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Soma kanuni ya ulipo kabla ya kuwasha.

"WhatsApp haitoi IP yangu"

Ujumbe hautoi. Simu ya sauti au video ya watu wawili inaweza, kwa sababu mara nyingi inaunganisha vifaa moja kwa moja. Tangu Novemba 2023 kuna swichi yake: Mipangilio, Faragha, kisha sehemu ya mipangilio ya ziada (Advanced), uwashe ulinzi wa anwani ya IP kwenye simu. Sauti itapita kwenye seva za WhatsApp na ubora unaweza kushuka kidogo.