Je, wajua kwa nini mtoto njiti hutiwa katika mfuko wa plastiki bila kukaushwa?

Katika materniti za Bukavu, bibi anayemsindikiza mzazi huwa na kikwembe safi tayari: mtoto akitoka tu, apanguswe, afunikwe. Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake, bibi yuko sawa kabisa. Lakini kwa njiti, aliyezaliwa kabla ya wiki 32 za mimba, mkunga aliyefundishwa anaweza kufanya jambo la kushtua: kumchukua akiwa na majimaji yake ya tumboni na kumtia hadi shingoni katika mfuko safi wa plastiki.

Sababu ni maji. Aliyewahi kuoga Ziwa Kivu jioni anajua kwamba baridi kali huja ukishatoka, upepo unapokausha ngozi. Maji yakigeuka mvuke huondoka na joto la mwili. Ngozi ya mtoto wa kilo moja ni nyembamba mno, hupitisha hata maji ya ndani, kwa hiyo ukimpangusa vizuri bado ataendelea kupoa. Kutetemeka hawezi, na mafuta ya kumtia joto hujengeka zaidi katika wiki za mwisho za mimba, ambazo hakuzipata. Ndani ya mfuko, hewa hujaa unyevu upesi na maji hayana pa kwenda. Plastiki yenyewe haitoi joto, ndiyo maana chumba kinatakiwa kifike nyuzi 25 au zaidi. Hilo si rahisi usiku katika mji ulio karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari! Kichwa huvishwa kofia, uso huachwa wazi.

Mbona kuhangaikia joto wakati mtoto bado anatafuta pumzi? Kwa sababu anayepoa hutumia sukari na oksijeni nyingi zaidi, na oksijeni ndiyo shida yake: mapafu hayajatengeneza surfaktanti ya kutosha, ule ute unaozuia vifuko vya hewa visigandamane kila anapotoa pumzi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 juu ya watoto wenye uzito mdogo sana ulikuta kwamba kila nyuzi 1 iliyopungua walipofika wodini iliendana na ongezeko la 28% la uwezekano wa kufa. Lengo ni nyuzi 36.5 hadi 37.5, kuzidisha nako ni hatari, hivyo kipimajoto hakikwepeki.

Mfuko hauzuii kazi nyingine. Asipopumua, ndani ya dakika 1 anapulizwa hewa kwa baluni ya kukamua kwa mkono na barakoa ndogo, huku kifua kikionekana kupitia plastiki. Penye kifaa cha kupima oksijeni mwilini, oksijeni huongezwa au kupunguzwa kulingana na kipimo, maana ikizidi hudhuru macho na mapafu.

Akianza kupumua mwenyewe, hahitaji kusubiri kuvezi, lile sanduku la kumtunzia joto. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri njia ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá mwaka 1978, ianzwe mara moja: nepi, kofia, na kifua cha mama kisicho na nguo.