Hidrojeni salfaidi iko mwilini mwako, ndio, lakini hiyo sio ruhusa ya kuivuta

Tangu kampeni ya usalama kwenye mashimo ya maji taka na matenki ianze, swali ni lile lile, kwa simu, kwa meseji, mpaka saiti: mbona tumesoma hii gesi ya mayai viza mwili wenyewe unaitengeneza, tena inashusha presha, sasa nyie watu wa usalama kazini mnatutisha nini? Nijibu hapa kwa wote, maana kujibu mmoja mmoja tumechoka kidogo.

Ni kweli, inatengenezwa, hapo hatubishani. Seli zinaitoa kwenye sisteini, ile asidi amino yenye salfa, na kazi inafanywa na vimeng'enya vitatu, CBS, CSE na 3-MST. Mwaka 1996 watafiti Abe na Kimura walionyesha kwamba kwenye ubongo inabeba ujumbe kati ya seli, na mwaka 2008 ikaonekana panya wa maabara walionyimwa jeni ya CSE wanapanda presha. Sababu yake inajulikana: kwenye misuli ya mishipa ya damu gesi hii inafungua milango ya potasiamu, misuli inalegea, mshipa unatanuka. Halafu inabandika salfa kwenye protini na protini inabadili utendaji. Ndio maana inahesabiwa gesi ya tatu ya mawasiliano ya mwili, baada ya nitriki oksaidi na kaboni monoksaidi.

Sasa watu wanaishia hapo, ndipo shida inapoanzia. Seli haiachi hii gesi izurure. Ndani ya mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, kuna kimeng'enya kinaitwa SQR, kinaidaka, kinachukua elektroni zake na kuziingiza kwenye mnyororo wa upumuaji, yaani kwa kiasi kidogo inakuwa mpaka mafuta ya kuzalisha nishati, halafu mabaki yanaishia kuwa thiosalfeti na salfeti unazitoa kwenye mkojo. Ikizidi uwezo wa kudakwa, inaenda kushika kimeng'enya cha mwisho cha mnyororo huo huo, kile kile kinachoshikwa na sumu ya sayanidi. Hapo damu inaweza kuwa imejaa oksijeni na seli isiweze kuitumia, mtu anaanguka.

Na kwa wanaosema "ya mwilini haina madhara", kuna watoto wanazaliwa na jeni mbovu ya ETHE1, inayohusika na kimeng'enya kinachofuata baada ya SQR. Hawajawahi kukaribia shimo lolote, ila salfaidi ya miili yao wenyewe inajaa, inaharibu ubongo na mishipa, na wengi wanafariki wakiwa bado wadogo. Ya mwilini hiyo.

Wengine wanatuletea ule utafiti wa 2005 wa panya waliovutishwa 80 ppm (sehemu 80 za gesi kwenye sehemu milioni za hewa), miili ikapoa kama wamelala, baadae wakazinduka wazima. Sawa, ila kwa kondoo na nguruwe haikujirudia hivyo, na wewe sio panya. Kitaasisi hatupingi utafiti wa dawa zinazoachia H2S, yaani hii hidrojeni salfaidi, kidogo kidogo, unaendelea na tunauheshimu, lakini hatuidhinishi mtu kuivuta kwa sababu yoyote ile.

Twende kwenye utaratibu, maana hapa ndipo mnapokamatwa. Pua sio kipimo, tafadhali. Harufu unaisikia hata chini ya 1 ppm, ila ikifika kama 100 ppm pua inakufa ganzi ndani ya dakika chache, unaona harufu imeisha unadhani gesi imeisha. Kuanzia 500 hivi mtu anazimia, ikipita 1000 ni pumzi moja mbili. Kwa hiyo kipima gesi, kilichohakikiwa, na unaanza na oksijeni, halafu gesi za kuwaka, halafu za sumu, kwa mpangilio huo, juu, katikati na chini, kwa sababu H2S ni nzito kuliko hewa inakaa chini. Unaandika namba, sio "iko sawa". Kibali cha kuingia kina saa ya kuanza na saa ya kuisha, hakivuki zamu, mkitoka kula mkarudi mnapima upya, na mkikoroga tope mnapima tena kwa sababu gesi iliyofungwa kwenye tope inatoka kwa mkupuo. Kibali kilichosainiwa kabla ya kupima sisi tunakihesabu ni cha kughushi, sio "kusahau kidogo" kama tunavyoambiwa, na hapo kazi inasimamishwa, faini inafuata, na mtu akifa suala linatoka mezani kwetu linakuwa la mahakama. Anayeulizwa kwanza ni mwajiri. Kumwambia mkaguzi kibarua aliingia mwenyewe haisaidii.

Mlinzi wa juu, yule anayebaki nje kuwaangalia walio ndani, haingii. Narudia kwa sababu vifo vingi tunavyosoma kwenye ripoti ni vya wawili watatu, wa kwanza alienda kufanya kazi, waliofuata walienda kumtoa. Kitambaa chenye maji hakizuii hii gesi, barakoa ya vumbi haizuii, na kubana pumzi huku unamvuta mtu mzima kwenye ngazi haiwezekani. Mvute kwa kamba aliyofungwa kabla hajaingia, na kama hakufungwa, piga simu waje wenye mitungi ya hewa mgongoni.