Je, ubongo huzimika tukilala?

Wengi huamini kwamba mtu akilala, ubongo wake huzimika hadi asubuhi. Si ajabu: aliyelala fofofo hajibu wala hajui kinachopita.

Vipimo vya umeme wa ubongo vimeonyesha vingine. Mwaka 1953 wanasayansi walieleza hatua ya usingizi ambapo macho huchezacheza upesi chini ya kope, na mawimbi ya ubongo hukaribia kufanana na ya mtu aliye macho. Hatua za usingizi hupokezana usiku kucha, mzunguko mmoja ukichukua takriban dakika 90. Hata kupitiwa na usingizi ni kazi, na kwangu hili ndilo la kustaajabisha zaidi: seli fulani za haipothalamasi, ndani kabisa ya ubongo, huzituliza zile zinazotuweka macho.

Mtazame mtoto aliyelala. Mara nyingi utaona macho yakicheza chini ya kope. Mwite jina mtu aliyelala katikati ya kelele, huenda akaamka. Na ukisikia dai lolote kuhusu usingizi, uliza lilipimwaje, kwa watu wangapi, na kama wengine walirudia wakapata matokeo yaleyale.