Vampaya wa bajeti ndogo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Januari 2006 BloodRayne ya Uwe Boll iliingia kumbi za sinema za Marekani. Ilikuwa na stelingi wa kike nusu mtu nusu vampaya, mwenye visu virefu viwili, Ben Kingsley kwenye kiti cha mfalme wa wanyonya damu, na mandhari ya Romania nyuma yao. Haikukaa. Ikaishia kuteuliwa kuwania tuzo ya kejeli ya Razzie ya filamu mbovu ya mwaka. Tangu hapo kila muvi ya vampaya wanaopigana ikiboa, watu hutoa sababu zilezile, na nyingi si za kweli.

Dhana: Iliharibika kwa sababu hapakuwa na pesa

BloodRayne ilitajwa kuwa na bajeti ya dola milioni 25. Underworld, muvi nyingine ya vampaya iliyopigwa Budapest na kutoka 2003, ilitumia kama milioni 22 na kuingiza zaidi ya milioni 95. Near Dark ya Kathryn Bigelow, ya 1987, ilitengenezwa kwa takriban milioni 5, na ndiyo wanaojua filamu hizi huitaja kwanza. Basi kama ni pesa, ile ya milioni 25 ndiyo ingeongoza.

Kinachowaishia watengenezaji wadogo ni siku. Filamu ndogo hupigwa kwa siku 12 hadi 18. Muswada wa kurasa 90 ukigawanywa kwa siku 15 unapata kurasa 6 kwa siku, wakati filamu kubwa hutosheka na 2 au 3. Ukurasa mmoja huhesabiwa kuwa dakika moja ya filamu, lakini kurasa hazilingani. Watu wawili wakizungumza mezani, saa mbili zinatosha. Ukurasa ulioandikwa "wanapigana" tu unaweza kumeza siku mbili nzima. Mwandishi ametumia neno moja, mtayarishaji analipia kamera, taa, chakula na usafiri wa watu 30 kwa siku mbili. Siku hizo zisipokuwepo, pambano hupigwa kwa nusu siku jioni watu wamechoka, na hilo ndilo pambano unaloliona ukashangaa.

Tazama Near Dark ilivyofanya. Vampaya wamejificha ndani ya kibanda cha moteli, nje ni mchana, polisi wanafyatua risasi. Risasi hazitishi kitu. Kinachotisha ni matundu yake ukutani, kwa sababu kila tundu linaingiza mwale wa jua na kila mwale unaunguza. Chumba kimoja, moshi kidogo ili miale ionekane, taa kali nje ya ukuta. Sini hiyo imejengwa juu ya kanuni ya vampaya mwenyewe, ndiyo maana haikuhitaji jengo kulipuka. Na filamu nzima haitamki neno "vampaya" wala haionyeshi meno marefu.

Dhana: Jua limemuua vampaya tangu mwanzo

Katika Dracula ya Bram Stoker, 1897, Dracula mwenyewe hutembea London mchana. Nguvu zake hupungua tu. Kufa kwa mwanga wa jua kulikuja na filamu, Nosferatu ya Murnau, 1922. Mjane wa Stoker alishtaki kwa sababu hakuombwa ruhusa, na mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziteketezwe. Kanuni ikabaki, na nakala kadhaa pia.

Dhana: Usiku unaweza kupigwa mchana, watu hawatajua

Nosferatu yenyewe ni ushahidi. Ilipigwa mchana, na sini za usiku zikapakwa rangi ya buluu kwenye nakala. Baadaye zikasambaa nakala nyeusi na nyeupe zisizopakwa rangi, na mtazamaji akamwona Orlok, vampaya wa filamu hiyo ambaye jua ndilo litakalomuua, akibeba jeneza lake mjini kweupe kabisa. Kwa filamu ya mapenzi hilo ni kosa dogo. Kwa vampaya limevunja kanuni inayomtisha mtu.

Ujanja huo bado unafanya kazi kama masharti yanafuatwa. Jua liwe nyuma ya mwigizaji, si mbele. Anga isiingie kwenye fremu hata kidogo, kwa hiyo kamera itazame chini kutoka juu, au ukuta na miti vizibe nyuma. Punguza mwanga stopu 2 hivi chini ya kawaida, yaani ubaki kama robo. Weka mizani ya weupe (kipimo cha kamera cha rangi ya mwanga) kwenye 3200K ili mchana ugeuke buluu. Epuka dirisha au gari lenye taa, kwa sababu kwenye jua taa haionekani imewaka, na hapo ndipo uongo unapojulikana. Kosa la pili ni kivuli: jua la saa saba huacha kivuli kifupi chenye kingo kali chini ya miguu, na mbalamwezi haipigi hivyo utosini mwa kila mtu kila usiku. Piga saa mbili za kwanza za asubuhi au mbili za mwisho za jioni.

Ukiamua kupiga usiku kweli, mwaga maji barabarani. Lami kavu hunywa mwanga wote; lami iliyolowa huurudisha, na taa mbili zinafanya kazi ya nne. Hesabu pia saa zako: karibu na ikweta usiku ni kama saa 12 mwaka mzima, lakini Ulaya ya Mashariki mwezi wa Juni unapata 8 hivi, na moja imeenda kwenye chakula.

Dhana: Kamera ikitikisika na mikato ikiwa mingi, pambano linakuwa kali

Huo ni uficho. Mara nyingi unaficha waigizaji ambao hawakufanya mazoezi.

Ngumi ya filamu haimgusi mtu. Hupita sentimita 15 hadi 30 mbele ya uso, na kinachoyadanganya macho ni mstari: lenzi, ngumi na uso vikiwa kwenye mstari mmoja, pengo halionekani. Lenzi ndefu, milimita 85 na kuendelea, huusogeza umbali huo hata ukapotea. Kamera ikihama hatua moja pembeni, pengo linaonekana na watazamaji wanacheka. Halafu anayepigwa ndiye anayeuza ngumi: kichwa kikichelewa robo sekunde, hata sauti nzuri ya "pwaa" haisaidii.

Sasa, waigizaji wakiwa na woga, hupiga taratibu. Mhariri anaona ulegevu, anakata kabla ngumi haijafika na kuanza tena baada ya kufika. Pigo lenyewe limekatwa na kutupwa. Ndiyo maana baada ya dakika tatu za purukushani hujui nani kampiga nani, na huumii kwa niaba ya mtu yeyote.

Dawa yake ni ubahili. Badala ya miondoko 40, buni 12. Mazoezi ya siku tatu ukumbini, bila mavazi kwanza, kisha na makoti, kwa sababu koti refu la ngozi hubana mabega na hunaswa na kisu. Siku ya mwisho rekodi pambano zima kwa simu, likate, uone shoti zipi unazihitaji kweli. Siku ya kupiga, maliza shoti zote zinazotazama upande mmoja ndipo uhamishe taa, vinginevyo utahamisha taa mara 20. Ukitaka kasi kidogo, piga fremu 22 kwa sekunde na uonyeshe kwa 24; inaongeza asilimia 9 hivi. Ukishuka hadi 18 vampaya wako atakuwa Charlie Chaplin.

Hong Kong walilitatua kwa njia nyingine kabisa. Katika Mr. Vampire ya 1985, maiti wafufuka wa Kichina hurukaruka mikono ikiwa imenyooshwa mbele, humtambua mtu kwa pumzi yake, na huzuiwa kwa mchele wenye kunata na karatasi ya njano yenye maandishi. Ukibana pumzi, hakuoni. Mchele na pumzi, gharama yake nini? Lakini kila sini ina jambo la kufanya na kikomo cha muda.

Dhana: Damu ni damu, rangi nyekundu inatosha

Mchanganyiko unaokubalika ni huu: mililita 250 za glukosi nzito ya waoka keki, rangi nyekundu ya chakula kijiko kimoja cha chai, kakao nusu kijiko, tone moja au mawili ya rangi ya buluu, na maji vijiko viwili vya mezani. Kakao ikorogwe kwanza na maji ya moto, la sivyo inabaki mabonge. Kazi yake ni kuziba mwanga. Bila kakao damu inaonekana kama sharubati. Buluu ikizidi inakuwa zambarau, na hairudi.

Linaloharibu filamu nyingi za vampaya ni kwamba damu hiyo hujaribiwa jikoni chini ya taa nyeupe, kisha hupelekwa kwenye sini ya usiku yenye mwanga wa buluu. Chini ya buluu, nyekundu hugeuka nyeusi. Midomo inaonekana imepakwa oili chafu ya gari. Punguza kakao, na elekeza taa ndogo yenye joto usoni. Andaa shati tatu zinazofanana kwa kila anayeumwa, kwa sababu rangi ya chakula haitoki, na shoti ya pili inahitaji shati safi. Sisimizi watakuja. Funika ndoo.

Dhana: Sauti itashughulikiwa baadaye

Meno bandia ndiyo adui wa kwanza. Mwigizaji akivaa meno ya juu tu bado "s" inamtoka kama "th", na mfalme wa giza anasikika kama mtoto aliyeng'oka jino. Njia rahisi: meno yavaliwe kwenye shoti za kufunua mdomo, yavuliwe kwenye mazungumzo. Adui wa pili ni jenereta. Iwe mita 50 au zaidi, nyuma ya jengo. Kisha kabla hamjahama mahali, kila mtu akae kimya sekunde 30 hadi 60 mrekodi ukimya wa chumba hicho, maana ndio utakaoziba mashimo kati ya mkato na mkato.

Wengi wetu tulikutana na filamu hizi kwenye vibanda umiza, sauti ya mtafsiri kama Lufufu Dar es Salaam au DJ Afro Kenya ikiwa juu ya ile ya asili. Hapo sauti mbovu haikumkera mtu, kwa kuwa tulikuwa tunamsikiliza mtafsiri. Kumbukumbu nzuri ya muvi fulani huenda ni sifa yake yeye.

Dhana: Kompyuta itaokoa mwisho wa filamu

Blade ya 1998 ilikuwa na dola milioni 45. Mwisho wake wa kwanza ulimgeuza adui kuwa kimbunga cha damu cha kompyuta. Watazamaji wa majaribio hawakuupenda, ukatupwa, wakapiga upya pambano la panga kati ya watu wawili. Anayetumia laptopu moja ajiulize. Vampaya kugeuka majivu ndiyo njia inayowezekana: kamera kwenye tripodi bila kuguswa, shoti ya mwigizaji, kisha shoti ya mahali palepale patupu kwa mwanga uleule. Kamera ikisogea hata kidogo, kazi ya saa mbili inakuwa ya wiki.

Dhana: Risasi tupu haziui

Zinaua, ingawa zina baruti bila kichwa cha risasi. Mwigizaji Jon-Erik Hexum alikufa 1984 baada ya kujifyatulia risasi tupu kichwani kwa mzaha. Mwigizaji Brandon Lee alikufa 31 Machi 1993: kipande cha risasi kilikuwa kimebaki kwenye mtutu, na risasi tupu ikakisukuma. Halyna Hutchins, mpiga picha wa filamu ya Rust, aliuawa 21 Oktoba 2021 na risasi halisi ambayo haikupaswa kuwapo pale. Kwa filamu ndogo tumia sanamu ya bunduki isiyofyatua na uongeze mwako wakati wa kuhariri, fremu 1 au 2 tu. Inayoonekana ya uongo ni ile ambayo mkono wa mwigizaji hautikisiki na ukuta wa karibu haupati mwanga.

Dhana: Jina kubwa kwenye bango ni stelingi

Jina hilo limewekwa ili msambazaji anunue filamu kabla hajaiona. Mwenyewe mara nyingi ameajiriwa siku moja au mbili. Dalili zake: yuko chumba kimoja filamu nzima, amekaa, nguo hazibadiliki, na haonekani fremu moja na wenzake isipokuwa kwa mgongo, ambao si wake.

Dhana: Vampaya ni wa Ulaya, huku hatuna

Tuna mumiani. Tangu enzi za ukoloni, kutoka Mombasa hadi Kampala, watu walinong'ona juu ya wazimamoto wanaokamata watu usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya minong'ono hiyo. Mumiani hana meno marefu wala koti. Ana gari, ndoo na sindano, vitu vinavyokodishwa kwa bei ya kawaida.

Dhana: Ikifeli sokoni, hapatakuwa na ya pili

Near Dark, iliyosifiwa, iliingiza kama dola milioni 3.4 tu, msambazaji wake alikuwa anaelekea kufilisika, na The Lost Boys, filamu nyingine ya vampaya, ilikuwa imetangulia miezi michache. Haikupata mwendelezo. BloodRayne haikufikisha milioni 4 kwenye kumbi za dunia nzima. Ya pili ilitoka 2007, na ya tatu ikafuata. Fedha zake za mwanzo zilitoka kwa wawekezaji wa Ujerumani ambao sheria ya wakati huo iliwaruhusu kukata mtaji wa filamu kwenye kodi, mpaka mlango huo ulipofungwa mwishoni mwa 2005. Zilizofuata zilitengenezwa kwa bei ndogo zaidi, moja Marekani ya wachunga ng'ombe, nyingine Vita Kuu ya Pili, zikapelekwa moja kwa moja kwenye DVD, ambako hakuna foleni ya tiketi ya kuhesabu.