Tyubu ya Tatu: Yanayosemwa Lamu Kuhusu Saratani ya Sehemu ya Nje ya Uke, na Ukweli Wake

Katika nyumba za Mkomani na Langoni, mitaa ya mji wa Lamu, mwanamke anayewashwa sehemu za siri huambiwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na somo yake au shangazi, ajikande kwa maji ya chumvi au ya mwarobaini, na yasipomfaa anunue dawa ya fangasi ya kupaka. Ushauri huo si wa kubezwa, kwani muwasho mwingi wa sehemu hiyo kwa kweli ni fangasi, au ni ngozi iliyochokozwa na sabuni. Kosa huanza pale inaponunuliwa tyubu ya tatu, na bado hakuna aliyeitazama ngozi yenyewe. Mwaka 2020 saratani ya vulva, yaani sehemu ya nje ya uke, iligunduliwa kwa wanawake wapatao 45,000 duniani kote. Ni maradhi ya nadra, na unadra huo ndio unaomponza mgonjwa, kwa kuwa hata mhudumu wa afya huweza kumwona mwanamke mara nne bila ya kuyawazia.

Wengi huamini kwamba saratani ingejulikana kwa kuitazama tu: uvimbe mkubwa, damu, harufu. Hali hiyo huja, lakini huja mwishoni. Takriban visa tisa katika kila kumi hutokana na seli bapa za ngozi, na huanza kwa kipele kigumu, kidonda kidogo kisichofunga, au baka linalowasha. Aina zilizobaki ni hodari zaidi wa kujificha, kwa sababu kila moja imevaa sura ya ugonjwa mwepesi. Ugonjwa wa Paget hufanana na pumu ya ngozi: ngozi nyekundu iliyochubuka, yenye madoa meupe, inayowasha kwa miaka. Saratani ya tezi za Bartholini, zilizo pande mbili za mlango wa uke, hufanana na jipu la kawaida la tezi hizo. Ndiyo maana uvimbe wa namna hiyo ukimtokea kwa mara ya kwanza mwanamke aliyevuka miaka 40, haitoshi kuupasua na kuutoa usaha, bali hupimwa. Melanoma, saratani ya seli zinazoipa ngozi rangi, huonekana kama doa jeusi, ingawa nyingine hazina weusi wowote, na anayedhani kuwa huletwa na jua peke yake asahau, kwani hapa jua halifiki. Ipo pia aina inayoota kama chunjua kubwa, ambayo hata maabara huweza kudanganyika nayo ikiwa kipande kilichopelekwa kimechunwa juu juu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye dhana ninayoiona kuwa na madhara kuliko zote: kwamba kisu kikiigusa saratani, huichokoza ikasambaa. Nadhani imezaliwa na yale watu waliyoyaona kwa macho yao, kwamba fulani alikatwa kinyama na baada ya miezi akafa. Lakini aliyechelewa mpaka ugonjwa ukatapakaa hakuuawa na kipimo. Kipimo chenyewe ni kidogo mno. Mgonjwa hudungwa ganzi mahali hapo, na huo mchomo wa sindano ndio maumivu makubwa ya siku ile. Kisha daktari huzungusha kijibomba chenye makali, kipenyo chake kama milimita 4, akatoa kinyama kisichozidi punje ya mchele. Hukitoa ukingoni mwa kidonda, si katikati palipooza, na hujizuia asiondoe baka lote, ili mpasuaji atakayefuata ajue lilikuwa wapi. Kinyama hutiwa ndani ya chupa ya fomalini, maji ya kukihifadhi kisioze, yenye jina la mgonjwa. Pasipo na mtaalamu wa patholojia, yaani anayechunguza vinyama kwa hadubini, chupa hiyo husafirishwa, na kutoka Lamu maana yake ni boti hadi Mokowe, kisha barabara. Jicho la daktari bingwa haliwezi kuchukua nafasi ya chupa hiyo, seuze la mganga.

Yapo maneno mengine yasemwayo pembeni, ambayo humfanya mwanamke afiche: kwamba ugonjwa huu ni malipo ya uzinzi. Ni kweli kwamba sehemu ya saratani za seli bapa hutokana na kirusi cha HPV, hasa aina ya 16, na kwamba anayeishi na virusi vya ukimwi yumo hatarini zaidi. Hata hivyo, kirusi hicho huwapata watu wengi mno waliowahi kujamiiana, wakiwemo wake wasiowahi kumjua mwanamume mwingine ila mume, na aghalabu mwili hukiondoa wenyewe. Chanjo yake inatolewa kwa wasichana nchini Kenya tangu 2019. Melanoma na ugonjwa wa Paget havihesabiwi kuwa zao la kirusi hicho. Sehemu nyingine ya saratani, hasa kwa wanawake wa makamo na wazee, hufuata ugonjwa wa ngozi uitwao laikeni sklerosasi, ambao huifanya ngozi iwe nyeupe, nyembamba na yenye mikunjo kama karatasi, nao huku kwetu huitwa mbalanga na kuachwa. Mbalanga haiwashi hivyo, wala haibadilishi umbo la mashavu ya uke. Wachache tu katika wenye laikeni hupata saratani, na marhamu kali ya klobetasoli ikitumiwa kwa maelekezo ya daktari huipunguza hatari hiyo.

Na anayedhani kuwa kipimo cha mlango wa kizazi kinamtosha ajue kwamba hakisemi lolote kuhusu ngozi ya nje.

Kuhusu matibabu, hofu kubwa ni kukatwa kila kitu na kuondolewa kizazi. Zamani upasuaji ulikuwa mpana wa kutisha. Leo huondolewa uvimbe pamoja na ukingo wa ngozi nzima unaouzunguka, na kizazi hakiguswi. Ikiwa saratani ya seli bapa imezama zaidi ya milimita 1, tezi za kinena, hizi ambazo zikivimba tunaziita mitoki, lazima zichunguzwe. Panapowezekana, na uvimbe ukiwa mmoja usiofika sentimita 4, hutafutwa tezi ya kwanza tu inayopokea maji kutoka hapo. Zikiondolewa nyingi, mguu huweza kuvimba, na Pwani, ambako matende yanajulikana, majirani husema mara moja kuwa ni matende. Siyo: njia za maji ya mwili zimekatwa, na dawa yake ni kuufunga mguu bendeji maalumu, kuukanda na kuukinga na majeraha. Mionzi hutumika mara nyingi kwa seli bapa, aghalabu pamoja na sisplatini, dawa ya kuua seli za saratani, ilhali melanoma iliyosambaa hutegemea zaidi dawa za kuamsha kinga ya mwili. Ugonjwa wa Paget hurudi hata baada ya miaka, na humlazimu daktari aangalie pia kibofu na utumbo wa chini.

Kwa anayesema kwamba kuona haya ni sehemu ya imani, Bi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari wa Madina kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza. Mgonjwa anayo haki ya kuomba muuguzi mwanamke awepo chumbani, na shuka la kujisitiri.

Majibu yakitoka, aombe nakala, aikunje pamoja na kitambulisho chake. Karatasi hiyo inapaswa kutaja aina ya saratani kwa jina, kina chake kwa milimita, na, ikiwa uvimbe umekwisha kuondolewa, kama kingo zilikuwa safi, yaani hazina saratani; atakayempokea Mombasa au Nairobi ataiulizia hiyo kabla ya kumuuliza jambo jingine.