Usonji hauishi utotoni
Hapa Kisumu bado nasikia watu wakisema usonji (autism) ni ugonjwa wa watoto, mtu akikua unamtoka. Sivyo. Ni namna ubongo ulivyoumbika, na mtu huzeeka nao.

Jirani yangu wa Kondele ana miaka 31 na hazungumzi. Kelele za soko la Kibuye zikimzidi huziba masikio na kuyumbayumba. Wapita njia husema ana mapepo, jambo linaloniuma sana. Dada yake humwonyesha picha tatu kabla hawajatoka: matatu, soko, nyumbani. Akishajua yanayokuja, hubeba kikapu mwenyewe na kuchagua nyanya moja moja, mbovu haipiti. Kutosema si kutoelewa. Muulizeni yeye, si dada yake, wala msimwite mtoto: kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa haki ya kuitwa kwa heshima.